Ng'ombe Ishirini na Sita Ndani ya Sefu

Kuna watu Bariadi mpaka leo wakikutana na mimi njiani hawanisalimii, wananiuliza tu, "Wamepatikana?" na mimi najua wanauliza nini, na nacheka pamoja nao kwa sababu mtu akikataa kuchekwa ndiyo anachekwa zaidi, lakini ndani, niwaambie ukweli, bado naona aibu, na aibu yenyewe sasa hivi ina umri wa kuoa. Afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mje mkasikie kwa mjomba wangu Jilala, maana yeye kila akisimulia mimi nazidi kuwa mjinga na yeye anazidi kuwa na busara.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yameanza kujaa, kila mwenye ndugu Mwanza anarudi na kitu kinachotumia umeme wakati umeme wenyewe sisi tunausikia kwa majirani. Limbu yeye alirudi na televisheni, deki ya video na jenereta, akakodi ghala la zamani la pamba karibu na uwanja wa mnada wa ng'ombe, akaziba madirisha kwa magunia, akaniajiri mimi Sayi, kijana wa kidato cha nne asiye na shughuli, niwe mtafsiri wa picha. Nilikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, wale wazungu wakisema maneno matatu mimi nasema thelathini (na thelathini yangu yalikuwa matamu zaidi, hilo hata maadui zangu walikiri). Kipaza sauti kilikwenda kwenye spika mbili, moja ya ndani na nyingine ile ya bati yenye mdomo mpana tuliyoipandisha juu ya paa ikatazama mnadani, ya kuitia wateja. Picha ikianza ile ya paa tunaizima, maana Limbu alikuwa na msemo wake kwamba ukimpa mtu mchuzi bure hanunui nyama.

Sasa, wakati huo nilikuwa nampenda Kabula, binti wa mzee Maduhu wa Zagayu. Nikisema nampenda nina maana nilikuwa siwezi kula. Kabula mwenyewe alishakubali, ila kwetu kukubali kwa binti ni mlango wa uani, mlango wa mbele anaukalia baba yake. Kwa hiyo mjomba Jilala alitumwa kuwa mshenga, akapeleka neno la mahari ya ng'ombe kumi na wawili, ndipo uwezo wetu ulipofika na tulikuwa tumeshaunyoosha kidogo. Mzee hakukataa wala hakukubali. Aliuliza tu, "Huyo kijana anafanya kazi gani?"

"Anatafsiri picha, baba," mjomba akasema.

"Picha si mtu anaiona mwenyewe?"

Mjomba akaomba maji ya kunywa (anasema jibu alikuwa nalo ila alimheshimu mzee). Mzee akasema basi, Jumamosi nitakuja mnadani, nitaisikia hiyo kazi kwa masikio yangu, halafu nitawapa jibu. Na pembeni palikuwa na karani wa hawa wanunuzi wapya wa pamba, ana pikipiki, naye ameshapita Zagayu mara mbili kuulizia njia ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Kwa hiyo Jumamosi ile ndiyo ilikuwa yangu, nipate mke au nibaki natafsiri picha mpaka uzeeni.

Jumamosi ikafika, mnada umejaa, ghala limejaa, nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa linanikwaruza. Nilikuwa nimejiandaa kwa picha ya mapigano ninayoijua neno kwa neno. Tunaiweka, deki ikala mkanda. Limbu akauvuta taratibu, ukatoka kama utumbo wa kuku. Watu wakaanza kupiga miluzi na kudai kiingilio chao, basi Limbu akaingiza mkono kwenye gunia la kanda alizonunua kwa jumla Mwanza, akatoa ya kwanza aliyoigusa, akaitumbukiza.

Ndugu zangu, ilikuwa picha ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe. Mvua inanyesha tangu mwanzo, wanaume wanne wamevaa makoti marefu na kofia wanavuta sigara chini ya taa ya barabarani, na lugha wanayoongea mpaka leo sijui ilikuwa ya nchi gani. Kiingereza changu cha kidato cha nne kikakaa kimya kabisa. Lakini mtafsiri hawezi kusema sielewi, ni sawa na dereva aseme hajui njia abiria wakiwa ndani. Nikaangalia macho yao, nikaangalia mwanamke mmoja mwenye mkufu shingoni, nikaangalia wanavyochora ramani mezani, nikajua hawa ni wezi na wanautaka mkufu wa almasi uliomo kwenye sefu ya tajiri. Nikawaambia watu hivyo.

Hawakupendezwa. Mmoja aliyekuwa mbele, mchungaji wa ng'ombe na fimbo yake katikati ya magoti, akauliza kwa upole, "Sasa hayo mawe si yatakuwa ya wakubwa tu? Waibiane, sisi inatuhusu nini?" Na wenzake wakaitikia, maana almasi tunazisikia ziko upande wa Shinyanga, lakini nani kati yetu amewahi kuona faida yake. Wengine wakaanza kusimama. Limbu akanisogelea sikioni, "Sayi, watu wanatoka, fanya kitu, na ile spika ya paa usiizime, walioko nje wasikie utamu waingie."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa kosa dogo sana, mngekuwa ninyi mngelifanya. Niliyageuza yale mawe yakawa ng'ombe.

Nikasema kwenye kipaza sauti, sikilizeni vizuri, mzungu anaishi ghorofani, ghorofani hapakai zizi, kwa hiyo yeye akiwa na ng'ombe wake anawaacha shambani na nyumbani anaweka jiwe, jiwe moja ng'ombe mmoja, anayelishika jiwe ndiye mwenye ng'ombe. Waliosimama wakakaa. Yule mchungaji akainua shingo. Bahati ikawa pale pale picha ikauleta ule mkufu karibu ukajaa kioo kizima, na watu wetu, mnawajua, mtu anayeweza kutazama kundi linapita mtoni akakwambia idadi bila kunyoosha kidole, wakauhesabu mara moja. "Ishirini na sita," wakasema. Na mimi nikarudia kwenye kipaza sauti, ng'ombe ishirini na sita.

Wakataka kujua ni wa nani. Hili nalo ni swali la haki, ng'ombe hawezi kukosa mwenyewe. Nikakumbuka mzee Maduhu yuko nje pale mnadani, anasikia, na nikaona nafasi ya kumpamba mbele ya soko zima ambayo hata karani na pikipiki yake hawezi kuinunua. Nikasema ni wa mzee mmoja tajiri, mfugaji hodari, mtu wa heshima zake, jina lake Maduhu, Maduhu wa Zagayu. (Mjomba anasema wakati huo alikuwa amekaa na mzee wanakula nyama ya kuchoma, na mzee aliposikia akaacha kutafuna kidogo, akasema, "Kumbe huyu kijana ana adabu." Hapo ni kama nilikuwa nimeshamwoa Kabula, ndugu zangu. Ningekohoa tu nikanyamaza, habari ingeishia pale.)

Lakini picha ikaingia kwenye wizi wenyewe, na ule wizi haukuwa na neno hata moja. Wale wanne wakavua viatu, wakamfunga mlinzi kitambaa mdomoni, wakaanza kuifungua sefu, na hakuna anayeongea, hakuna muziki, unasikia jenereta ya Limbu tu huko nyuma. Mtafsiri wa kimya analipwa kwa lipi? Nikajaza mwenyewe. Nikasimulia wanavyonyatia zizi la Maduhu, wanavyompa mbwa wa Maduhu nyama asibweke, wanavyowatoa ng'ombe mmoja mmoja bila kengele kulia, na kila kitasa cha sefu kikifunguka mimi nasema huyo ni dume lile kubwa, na watu ghalani wanauma vidole, na mimi mwenyewe, sioni aibu kulisema hili, machozi yalikuwa karibu. Niliwapenda wale ng'ombe.

Halafu wezi wakaondoka na mkufu, na yule mlinzi akajifungua kitambaa, akakimbilia dirishani, akafungua mdomo wake wote akapiga kelele kwa lugha yake.

Kazi yangu ni kutafsiri. Sasa niambieni, Msukuma aliyeibiwa ng'ombe ishirini na sita, akifungua mdomo, anasema nini? Analia mwano. Kwa Kiswahili wanauita yowe, lakini yowe ni la mtu yeyote aliyeona nyoka. Mwano ni sauti ya hatari yenyewe, ukiusikia unaacha ulichoshika unakimbia kuelekea sauti ilikotoka, mwanaume aliyeusikia akakaa atatozwa faini na sungusungu wanaolinda kijiji, na aliyeulia bila sababu ndiyo usiseme. Mimi niliulia. Niliulia vizuri, kwa kifua chote, kama nilivyofundishwa na baba, na nikamalizia kwa maneno yanayostahili, kwamba ng'ombe wa Maduhu wa Zagayu wameibiwa, wote ishirini na sita, wameelekea mtoni.

Spika ya paa haikupoteza hata herufi.

Kwanza nilisikia mnada umenyamaza, kitu ambacho mnada haufanyi. Halafu nikasikia mwano unajibiwa upande wa pili wa uwanja, halafu wa tatu mbali zaidi, halafu miguu. Na hapa ghalani, watu wale wale walionunua kiingilio, walioona kwa macho yao kwamba ni televisheni, wakainuka na fimbo zao wakatoka mbio. Nilimuuliza yule mchungaji baadaye kwa nini na yeye alitoka, akaniambia, "Nilijua ni picha. Lakini mwano ni mwano." Nikabaki mimi na Limbu, na mvua ya kwenye picha bado inanyesha.

"Sayi," Limbu akasema taratibu, "spika ya paa tumeizima?"

Nikafikiria haraka. Nikibaki, mimi ni mwanaume aliyesikia mwano akakaa. Nikienda, mimi ndiye niliyeulia. Nikaona mwenye kosa akikimbia katikati ya wasio na kosa anafanana nao, basi nikatoka nikaungana na kundi, na kipaza sauti kiko mkononi kinaburuza waya. Mbele kabisa nikamwona mzee Maduhu. Umri ule, tumbo limejaa nyama, rubega imefungwa kiunoni, anakimbia kama kijana, na ule uso wake sitausahau, uso wa mtu anayewaza maisha yake yote yako mtoni yanavushwa. Hapo ndipo moyo uliponiuma kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa kuchekwa tu.

Kamanda wa sungusungu, mtu mrefu mwenye upinde, akanifikia tukiwa tunakimbia. "Wewe ndiye uliyelia?"

"Mimi."

"Uliwaona?"

Na jamani, niliwaona. "Niliwaona, wanne."

"Wamevaaje?"

"Makoti marefu," nikasema, "na kofia." Mdomo uliozoea kutafsiri hausubiri akili.

Akapaza sauti, makoti na kofia, ikapokelewa mbele, ikapokelewa mbele zaidi. Na Mungu ana utani wake, maana pale kivukoni alikuwa anakuja katekista mmoja na baiskeli, ametoka kwenye harusi, na kwa sababu ya harusi alikuwa amevaa koti refu la kuazima jua likiwa utosini, na kofia, na nyuma ya baiskeli amefunga sanduku la bati. Tulipofika alikuwa ameshakalishwa chini. Hawakumpiga, lakini namna walivyomzunguka ilikuwa ya watu wanaotafakari.

"Wenzako wako wapi?" kamanda akamuuliza.

"Wenzangu gani? Nilikuwa natembea na Bwana."

"Huyo Bwana ameelekea wapi?"

Katekista akaanza kueleza, na kila anavyoeleza Bwana alivyo mahali pote ndivyo wanavyozidi kumsogelea. Wakafungua sanduku, wakakuta vitabu vya nyimbo. Mmoja akasema labda ni mbinu. Mzee Maduhu akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, sitaki kesi. Niambie tu wamevukia wapi."

Nikaona sasa hivi mtu ataumia kwa ajili ya mkufu wa watu nisiowajua. Nikapita katikati, nikasema, "Baba, mwadila," (ndiyo, nilianza kwa salamu, sijui nilitegemea nini) "mwacheni huyu. Ng'ombe hawajaibiwa."

"Wako wapi?" kamanda akauliza.

"Kwenye sefu."

"Sefu ni nini?"

"Sanduku la chuma. La mzungu."

"Ng'ombe ishirini na sita wako ndani ya sanduku."

"Ndiyo. Hapana. Wametolewa. Lakini walikuwa mawe."

 Halafu yule mchungaji wa ghalani, kwa nia njema kabisa, akawaeleza wote habari ya jiwe moja ng'ombe mmoja, na mlinzi, na mbwa wa Maduhu aliyepewa nyama, na alipofika kwenye dume kubwa kuna mtu nyuma akaanza kucheka kwa pua, na kicheko kikatembea kama moto wa nyasi mpaka kivuko kizima kikawa kinacheka, katekista naye anacheka, kamanda ameegemea upinde anafuta macho. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Maduhu alisimama, akakung'uta vumbi magotini, akanitazama.

Mjomba Jilala alikuwa amefika hapo anahema. Akanong'ona, "Usiseme kitu. Umeshasema vya kutosha kwa mwaka huu."

Kamanda akatangaza faini yangu ya kulia mwano wa uongo, mbuzi wa kuliwa na wote waliokimbia, na katekista niombe radhi hadharani, nikaomba. Nikadhani yameisha. Ndipo mzee akaomba kusema.

"Mimi sina ugomvi na huyu kijana," akasema, na anaongea na watu wote, hanitazami. "Nilikuwa nakula nyama. Nikasikia ametangaza juu ya paa, soko zima likasikia, kwamba ng'ombe wa Maduhu ni ishirini na sita. Kweli au uongo?"

"Kweli," watu wakasema.

"Huyu huyu kwangu ametuma mshenga na neno la ng'ombe kumi na wawili. Sasa mnisaidie, wazee wenzangu. Kijana anajua haki yangu ni ishirini na sita, anaitangaza mwenyewe, halafu nyumbani kwangu analeta kumi na wawili. Hao wengine amewapeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka sasa. Mjomba alifunga macho.

"Ng'ombe wangu aliowatangaza nawataka. Awalete taratibu, simkimbizi. Wakianza kuingia zizini, Kabula ataondoka." Akageuka, akamwita mjomba warudi wakamalizie ile nyama kabla mbwa hawajaiona.

Ndivyo nilivyopewa mke, ndugu zangu, kwenye kivuko cha mto, na kipaza sauti mkononi, kwa bei niliyoipanga mwenyewe. Sikujua nicheke au nilie, nadhani nilifanya vyote. Habari zilifika Zagayu kabla yangu, na nilipomkuta Kabula alikuwa amekaa chini anacheka hawezi kusimama. Nikamwambia, mwenzangu, baba yako amenimaliza. Akasema, "Baba hakusema ishirini na sita, umesema wewe. Umenipandisha bei mwenyewe, nani akuonee huruma?" Na niliona amefurahi, msiniambie hakufurahi.

Kumi na wawili wa kwanza waliingia kama tulivyoahidi, tukaoana, waliobaki niliwalima. Nililima pamba mpaka mgongo ukabadilika umbo, Limbu alishahamia kwenye biashara ya baiskeli, na ng'ombe wa mwisho nilimsukuma Zagayu mtoto wetu wa pili akiwa anajua kutembea. Mzee alimzunguka yule ng'ombe, akamshika nundu, akaridhika, akanikaribisha nikae. Ndipo akaniuliza jambo ambalo kumbe lilikuwa linamsumbua miaka yote hiyo. Wale wanne, walikamatwa?

Nikamwambia hapana baba, kesho yake mimi na Limbu tuliimalizia ile picha, wezi waligombania mgawo wakauana wenyewe kwa wenyewe, na mkufu ukatumbukia mtaroni, hakuna aliyeupata.

Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi wezi walikuwa watano," akasema, "na aliyerudisha ni mmoja."

Tangu siku ile picha naziangalia kimya kama watu wengine. Mtu akiniuliza huyo amesema nini, namwambia sikusikia vizuri, muulize mwingine.